Jimu au Raskazone, dakika au kasi: mtembeaji anayeanza achague nini

Wifi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, alinipigia simu Jumapili moja baada ya magharibi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri na sasa anatafuta wa kumuunga mkono. Daktari kamwambia presha inaanza kuchungulia, atembee. Atembee wapi na kwa mwendo gani, hakuambiwa. "Wifi, nilipie jimu nitembee kwenye ile mashine ya mkanda, au niwe naamkia barabara ya Raskazone, kule baharini? Na hiyo spidi naipandishaje bila kuaibika?"

Mie mambo haya sikuyasomea, niliyajua kwa kuumia. Siku yangu ya kwanza jimu nilipanda mashine iliyo pembeni ya binti mmoja ambaye namba yake ilisoma 6.5. Nami, kwa kiburi cha mtu mzima, nikabonyeza mpaka 6. Siku tano mfululizo. Juma la pili muundi wa goko ukawa unawaka kama umepakwa pilipili, kushuka ngazi ni mpaka niseme lahaula. Nikalala nyumbani majuma matatu na ada ya mwezi imeshalipwa. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomjibu wifi, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Kwanza, ile namba inasema nini

Mashine nyingi zetu zinasoma kilomita kwa saa, lakini zipo zinazosoma maili, na watu wengi hawaangalii. Maili 1 ni kilomita 1.6. Ukibonyeza 4 kwenye mashine ya maili, umeitisha kilomita 6.4 kwa saa, na huo si mwendo wa mtu anayeanza. Uliza kabla hujapanda. Ukishajua, namba zinageuka hivi:

| Kasi (kilomita kwa saa) | Dakika kwa kilomita 1 | Kwa mwendo wa mtaani |
|---|---|---|
| 3 | 20 | Unamsindikiza bibi harusini |
| 4 | 15 | Unatoka sokoni na kikapu |
| 5 | 12 | Una jambo la kuwahi |
| 6 | 10 | Basi la Dar linawasha moto na wewe hujafika |
| 7 | 8 na nusu hivi | Miguu yenyewe inataka kukimbia |

Ile safu ya katikati ndiyo inayokuwezesha kuhama kutoka jimu kwenda barabarani bila kupotea. Simu yako inapima kilomita. Ukiona kilomita moja imekula dakika 12, umetembea 5. Asiye na simu ya aina hiyo ahesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25, yaani 100 kwa dakika, kwa watu wazima walio wengi huo ndio mwanzo wa mwendo ambao wataalamu wanauita wa wastani. Karibu na 7 mwili wa binadamu huona kukimbia ni rahisi kuliko kutembea, kwa hiyo anayetaka kubaki mtembeaji asiisogelee namba hiyo. Hata 6 wengi wetu hatuihitaji.

Mashine na barabara

Nianze kwa kuondoa uzushi mmoja, maana nimeusikia jimu, kibarazani, hadi harusini: kwamba mashine ni rahisi kwa sababu mkanda unakusukuma. Haukusukumi. Fikiri uko ndani ya meli ya Pemba, bahari shwari, meli inakwenda polepole, nawe unatembea kuelekea tezi kwa mwendo uleule wa meli. Aliye ufukweni anakuona umesimama palepale, lakini miguu yako inafanya kazi kamili. Mkanda ndivyo ulivyo. Barabarani unaongezewa upepo wa kupasua, na kwa mwendo wa kutembea upepo huo ni kidogo mno. Ile habari ya kuweka mwinuko wa 1%, yaani mkanda upande mita 1 kwa kila mita 100, "ili ilingane na nje" ni ya wakimbiaji. Mtembeaji hana deni hilo.

Mashine hurahisika pale unapoining'inia. Ukishika vyuma vya mbele, sehemu ya uzito wako inabebwa na mikono, na kalori zinazoandikwa pale juu zinakuwa za uongo. Kipimo changu ni kifupi: ukiona huwezi kuachia mikono, kasi imekuzidi, punguza.

Kwa anayeanza, faida kubwa ya mashine ni kwamba inashika kasi kwa niaba yako. Mtu mpya akiwa barabarani huanza kwa pupa, dakika ya sita anahema, dakika ya kumi anajifanya anafunga kamba za raba. Mkanda ukiwekwa 4 unabaki 4. Ukichoka, unashuka na maji yako yako hapo hapo. Mvua za masika hazikuhusu. Hakuna bodaboda, hakuna mbwa, na kwa wanawake wasiopenda kutazamwa, jimu yenye saa za kina mama ni utulivu mtupu. Ila hapa nina onyo: buibui refu na khanga iliyolegea havipandi kwenye mkanda. Pindo likiingia nyuma linavutwa kabla hujasema bismillahi. Vaa kitu kilichoishia kwenye kifundo, na ile kamba nyekundu yenye klipu ibane kwenye nguo yako, maana ndiyo inayoizima mashine ukiteleza. Anza ukiwa umesimama kwenye kingo za pembeni, uwashe, mkanda ukienda polepole ndipo ukanyage. Na ukimaliza usiruke chini papo hapo. Dakika moja mbili za mwanzo sakafu huonekana kama inatembea.

Ubaya wake? Joto. Barabarani ukitembea unajitengenezea upepo wako mwenyewe. Kwenye mashine umesimama mahali pamoja na jasho linabaki mwilini. Tanga hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo hupiga haraka zaidi kwa kasi ileile uliyoizoea. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, 5 ya jimu isiyo na feni inaweza kukuumiza kuliko 5.5 ya Juni wakati kusi inavuma. Usidhani umerudi nyuma, ni hali ya hewa. Chagua mashine iliyo chini ya panga boi, na ukipata nafasi hiyo usimwachie mtu.

Sasa barabara. Ukitoka mjini ukapita Hospitali ya Bombo kuelekea Raskazone, ghuba iko mkono wako wa kushoto, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua halijawa kali. Sijui mashine gani itakupa hilo. Barabara pia inakulazimisha kumaliza: ukishakwenda, lazima urudi. Hiyo ni faida na ni mtego. Watu huanza na furaha ya upepo, wanajikuta wamefika mwisho wa Raskazone na miguu imekwisha, wanarudi na bajaji. Kwa hiyo usipime umbali, pima saa. Kama leo una dakika 20, ya kumi ikigonga, geuka, hata kama unajisikia simba.

Tembea upande wa kulia, uyaone magari yanakuja, kwa kuwa kwetu magari yanashika kushoto. Na usishike ukingo ulioinama siku zote. Mguu mmoja ukiwa chini ya mwenzake kila siku, nyonga itakushtaki. Wanaokaa karibu na Bustani ya Jamhuri wanaweza kuzunguka hapo hapo wakikitazama Kisiwa cha Toten, wakihesabu mizunguko. Inachosha akili kidogo, lakini nyumbani ni karibu.

Kununua mashine yako mwenyewe sitakuzungumzia sana. Hewa ya chumvi inakula vyuma, mkanda unataka mafuta yake ya silikoni, na uzito wa juu ulioandikwa kwenye mashine hauongezwi kwa dua. Tembea miezi mitatu kwanza. Ukiwa bado unatembea, ndipo tuongee.

Dakika, kasi au mwinuko?

Hapa ndipo mie nilipoanguka.

Kuna vitu vitatu unavyoweza kuongeza: muda unaokaa unatembea, kasi, na mwinuko. Anayeanza hushawishika kuongeza kasi kwa sababu ndiyo namba inayoonekana na jirani. Ukiniuliza, ndiyo ya mwisho.

Sababu iko miguuni. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, unajisikia una pumzi, unasema sasa naweza. Kano na mifupa hawana habari hiyo. Wao huchukua miezi. Na ukitembea kasi, ule msuli wa mbele ya goko unafanya kazi ya ziada kunyanyua vidole kila hatua ili usijikwae, hatua zaidi ya mia kwa dakika. Ndio huo ulionilaza majuma matatu. Pumzi ilikuwepo, goko halikuwepo.

Dakika zina adabu zaidi. Ukitoka dakika 15 kwenda 18 kwa kasi ileile, mwili unaongezewa kazi iliyo sawa na ile unayoijua. Halafu hata afya yenyewe inahesabiwa kwa dakika: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Zamani walisema kila kipande kisipungue dakika 10. Mwongozo huo uliondoa sharti hilo, kwa hiyo dakika 7 za kwenda dukani kwa haraka nazo zimo. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba taarabu beti mbili kamili, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Mwinuko ndio siri ambayo wageni wa jimu hawaigusi, na kitufe chake kipo pale pale. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kina kanuni ya kukadiria oksijeni ambayo mwili unatumia ukitembea. Nimeikokotoa, nikaifanya kilomita 5 kwa saa pasipo mwinuko kuwa 100, ili tulinganishe:

| Mwendo | Kazi ya mwili |
|---|---|
| 4, tambarare | 86 |
| 5, tambarare | 100 |
| 6, tambarare | 114 |
| 5, mwinuko 1% | 113 |
| 5, mwinuko 3% | 138 |
| 5, mwinuko 5% | 163 |

Tazama mstari wa tatu na wa nne. Kutoka 5 hadi 6, kazi iliyoniua goko, inakuongezea karibu sawasawa na kubaki 5 ukainua mkanda 1% tu. Na 5% inakupa kazi ambayo kwenye tambarare ungelazimika kukimbia kuipata. Miguu inakwenda kwa utulivu uleule, moyo ndio unaofanya kazi. Mwenye magoti mabaya akiinua taratibu mara nyingi huvumilia kuliko kuharakisha, ingawa vigimbi na kisigino vitalalamika mwanzoni; kama kisigino kinakuchoma ukishuka kitandani asubuhi, mwinuko usubiri.

Madaktari wenyewe wanautumia. Kipimo cha moyo cha Robert Bruce, daktari wa Marekani, ambacho bado kinatumika hospitali nyingi duniani, kinaanza kwa kilomita 2.7 tu kwa saa, mwendo wa kobe, lakini kwa mwinuko wa 10%. Kila baada ya dakika 3 vyote viwili vinapanda. Watu wanahema vizuri sana bila kukimbia.

Nilipomwambia wifi habari hii akasema basi hiyo mashine ni adhabu. Hakukosea sana. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa la vidato, likaitwa treadmill, jina lilelile la Kiingereza la mashine hizi zetu, ambalo wafungwa walilikwea saa kwa saa bila kufika popote, na halikufutwa rasmi magereza ya Uingereza mpaka sheria ya 1898. Sisi tunalipia.

Barabarani mwinuko haupatikani kirahisi. Tanga mjini ni tambarare kama sinia, na ngazi za nyumba si badala yake. Kwa hiyo mtu anayeishi hapa na anataka mlima, hata mlima wa Lushoto tu, ana sababu ya kweli ya kulipia jimu. Hiyo ndiyo hoja moja ya mashine ambayo Raskazone haina jibu lake.

Nilivyompangia wifi

Majuma mawili ya kwanza, mara nne kwa wiki, dakika 15. Tatu za mwanzo kwa 3, kisha 4, mbili za mwisho ashuke tena 3. Hakuna kushindana na binti wa pembeni. Kisha kila juma aongeze dakika 3 mpaka 5, kasi isiguswe, hadi afike 30. Kwake ilichukua majuma sita kwa sababu katikati kulikuwa na msiba wa Pangani na siku nne zilikwenda. Hakurudi mwanzo, alirudi hatua moja nyuma.

Alipofika 30 bila kuumwa ndipo akagusa kasi, na si yote kwa mpigo. Dakika 1 kwa 5, dakika 2 kwa 4, mara sita. Mara mbili tu kwa juma. Siku nyingine mwendo wake wa kawaida. Hivi vipande ninavipenda kuliko kupandisha kasi moja kwa moja, kwa kuwa mguu unaonja haraka kisha unapumzishwa kabla haujakasirika. Vikishakuwa vyepesi, dakika 2 kwa 5 na dakika 2 kwa 4. Baadaye 5 inakuwa ndiyo kawaida, na 5.5 ndiyo ya kuonja. Mwinuko anaingiza siku moja kwa juma: 1%, kisha 2, kwa 4 au 4.5. Siku anayoongeza mwinuko haongezi kasi. Akiongeza viwili na akaumia, hatajua amlaumu nani.

Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kuisha ndani ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kila ukitembea, si ya kuvumilia. Kubanwa kifua, kizunguzungu, maumivu yanayopanda taya au mkono: shuka, kaa, nenda hospitali.

Na kwa wenye maradhi yao. Anayemeza dawa za presha za jamii ya atenolol asitegemee mapigo ya moyo yanayoonyeshwa na mashine, dawa inayashusha. Atumie kipimo cha kuongea. Mwenye sukari anayejidunga insulini au kumeza glibenklamaidi atembee na kitu kitamu mfukoni, na akague nyayo zake jioni, maana lengelenge dogo kwake si dogo. Wote hawa wamwone daktari kabla, si baada.

Nani achague nini

Kama hujawahi kutembea kwa makusudi na huamini kasi yako, lipia jimu mwezi mmoja, ujifunze mwendo wako unavyoonekana kwa namba, kisha uamue. Kama una saa za alfajiri, una mwenzi wa kutembea naye, na fedha ya ada ina kazi nyingine, Raskazone inatosha kabisa na hukosi kitu isipokuwa mwinuko. Wanaofanya kazi mpaka jioni, giza likiwa limeingia na barabara haina taa, waende jimu, hilo silijadili. Wazee wanaoyumba kidogo mie ningewapeleka bustanini mchana mwanana kuliko juu ya mkanda unaokwenda. Na ukiwa mtu wa kuchoka na jambo haraka kama mie, changanya.

Ramadhani ni suala lake. Wengine hutembea saa moja kabla ya futari, ili kiu isikae nao muda mrefu. Mie nilijaribu nikaona nyota mchana. Natembea baada ya tarawehe, polepole, bila kuongeza chochote mwezi mzima. Kutopungua nako kunatosha.

Wifi amechagua kuchanganya: Jumatatu na Alhamisi jimu, Jumamosi Raskazone na mimi, na siku ya nne anazunguka mwenyewe mitaa ya Ngamiani, barabara ya kwanza kwenda juu, akisalimia kila kibaraza, jambo ambalo linamshusha mpaka 3 lakini amekataa katakata kuliacha. Jumamosi iliyopita kilomita ya pili tuliimaliza kwa dakika 12 na nusu, akiwa anaongea muda wote. Aliniuliza kutoka Lushoto mjini mpaka Irente ni mbali gani. Nikamwambia kama kilomita 5 na kitu, na si tambarare. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ile mashine ya chini ya panga boi inapanda mpaka asilimia ngapi.